Mwanamke wa Kule na Hapa

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza, na hizo simu zilazeni kifudifudi. Kila siku nawasikia hapo nje mkibishana nchi ipi watu wanaishi vizuri. Mmoja anasema Dubai, mwingine Zambia, mwingine anasema popote ili mradi si Mpanda. Mmepaonea wapi? Kwenye kioo kidogo kama kiganja. Mimi namjua mtu aliyekaa nchi mbili kwa miguu yake. Amelima kote, ameugua kote, amezika kote. Huyo ndiye wa kuulizwa, na kwa kuwa mnaona uvivu kuvuka njia kwenda kumuuliza, nawaandikia mimi.

Jina lake siliandiki. Hapa Misunkumilo, Mpanda, mimi namwita Jirani, naye ananiita Jirani, na wajukuu wangu wanamwita Bibi Jirani. Alizaliwa mwaka gani na baba yake ni nani, hayo ni ya watu wake. Mtosheke na hili: kwao ni Burundi, amekulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba kama wenzake wengi wa huku, hali ilipotulia kule akarudi na mumewe na kaka yake, wakalima huko miaka mingi. Kaka akabaki. Yeye na mumewe wakarudi tena huku, wakajenga ng'ambo ya njia kutoka kwangu. Mume alifia hapa na kaburi lake liko hapa. Binti yake ameolewa Kasekese.

Na jambo linalonifanya nishike kalamu ni hili. Kaka yake alimjengea nyumba kule, kwenye kilima cha baba yao, akampigia simu akamwambia njoo uzeekee kwenu. Akamwambia pia kwamba asipoikalia, nyumba atapewa mtoto wake wa kiume anayetaka kuoa, kwa sababu nyumba tupu inaoza. Basi Jirani ikabidi achague nchi ya kuzeekea. Sisi wengine hatujawahi kuulizwa swali hilo. Mimi nimetoka Usevya, nikaolewa Mpanda, imekwisha. Yeye alitakiwa kupima.

Na kupima alikuwa anajua. Kila kitu alikipima. Kwenye mdomo wake kulikuwa na maneno mawili yasiyokauka, kule na hapa. Ukimpa kikombe cha chai atakwambia kule chai inanywewa kwa maziwa mengi, hapa ina sukari nyingi. Ukilalamika jua, atakwambia kule baridi ya asubuhi inauma masikio, na mtu analima amejifunga kitenge hadi kidevuni. Siku moja kwenye sala ya jumuiya mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye nia ya kuombea, akanyanyuka akaombea mvua ya hapa na udongo wa kule. Mwenyekiti akamuuliza Mungu afanyeje sasa, ausafirishe? Watu wakacheka hadi sala ikakatika. Yeye hakucheka. Akasema Mungu hana kazi ngumu.

Mimi sikumpenda mwanzoni. Niseme wazi. Sisi Wapimbwe uwanja wa nyumba tunaufagia mpaka unang'aa, mguu wa kuku ukipita unauona. Yeye alipohamia, hata bati hajamaliza kupigilia, akalima mbele ya mlango. Maharage, viazi, migomba, maboga yamepanda mpaka dirishani. Akaacha kinjia cha kupita mtu mmoja, tena mwembamba. Nikavuka nikamwambia, mama, hapa tunaacha uwanja, nyoka atakuingilia ndani. Akaniangalia, akaniuliza hilo eneo lote nililofagia nalima nini. Nikamwambia silimi, nafagia. Akautazama uwanja wangu kama mtu aliyeambiwa kuna wehu kwenye familia, halafu akasema kule eneo kama hilo ndugu wawili wangepelekana kwa wazee. Tukawekeana kisirani mwezi mzima. Nyoka aliingia kweli, na mimi nilikwenda na fimbo nikamuua, na nikamwambia nilikwambia. Akaniletea boga. Urafiki wetu ndivyo ulivyoanza, na maharage hakuyang'oa.

Mwaka ule ule alifanya jambo lililomfanya ajulikane mtaa mzima. Kule kwao mwezi wa tisa mvua inafika, na watu wanapanda. Hapa mwezi wa tisa ni moshi tu, misitu inaungua, mbingu ni nyekundu, na wingu ukiliona ni la kudanganya. Katumba alikulia, mvua za huku alikuwa anazijua, lakini miaka ya kule ilikuwa imemkaa mikononi. Akaona wingu limesimama upande wa ziwa. Akatoka na jembe, akapanda maharage shamba zima, kwenye vumbi, peke yake, huku watu wanapita na baiskeli wanamwangalia. Niliwahi kumuuliza kama anapanda au anazika. Akanijibu nijali uwanja wangu. Kware na kanga wakaja wakala mbegu yote, punje haikubaki. Mvua ilikuja mwezi wa kumi na moja kama kawaida yake. Akakaa nje, akacheka peke yake mpaka machozi, akasema mikono imerudi Tanzania, lakini imechelewa basi.

Sasa msije mkadhani alikuwa mtu wa kusifia kwao tu. Hapo ndipo anapowachanganya watu. Ukiisema vibaya Burundi mbele yake, umejitafutia. Kuna muuza nyama pale sokoni alimtania, akasema nyie Warundi mmejaa huku kwa sababu kwenu mmemaliza hadi majani. Jirani akaweka kikapu chini, akamwambia kwamba kule ng'ombe analala ndani na anapewa jina, na muuza nyama akiuza nyama kama hiyo, yenye nzi kuliko mafuta, watoto wanamwimba njiani. Mzee mzima akamwongezea kipande. Lakini wiki hiyo hiyo walikuja wageni kutoka kwao, wamekaa kwake wanaisema Tanzania, eti joto, eti watu wavivu, eti ardhi kubwa imelala bure. Mimi nilikuwepo. Kirundi sikijui chote ila nilimsikia akibadilisha sauti, kisha akawageuzia Kiswahili ili na mimi nisikie. Akawauliza kule wanakula wali siku gani. Wakasema Krismasi. Akawaambia hapa jana ilikuwa Jumanne, na yeye kala wali na samaki, kuhe wa kutoka Karema, na hakuna aliyebatizwa.

Nikamuuliza baadaye, Jirani, wewe uko upande gani? Akasema yeye yuko upande wa yule asiyekuwepo, kwa sababu aliyepo anaweza kujitetea.

Alikuwa na tabia ya kukumbatia. Kule kwao salamu ni kazi. Wanashikana mabega, wanakumbatiana upande huu na upande huu, wanaulizana amani, wanaulizana watoto, wanaulizana ng'ombe, jua linapanda. Sisi tunapeana mkono, tunasema za asubuhi, kila mtu anakwenda shambani. Mimi sipendi kushikwashikwa. Alikuwa akinikumbatia nasimama kama mlingoti, mikono iko chini, namsubiri amalize. Miaka yote hiyo hakuacha na mimi sikulegea. Alisema kunikumbatia mimi ni kama kukumbatia mlango, lakini mlango pia ni wa nyumba.

Mambo ya ugonjwa nayo aliyapima, na hapo alinifundisha kitu. Mwaka niliovunjika mguu kwenye mfereji, wajukuu waliita bodaboda, nikawekwa katikati, tukafika hospitali kabla sijamaliza kulia. Nilipotoka na plasta nikawa namringia. Nikamwambia sema sasa, kule mngefanyaje? Akanieleza kwamba kule kwenye vilima gari halipandi, mgonjwa analazwa kwenye kitanda cha kusuka, wanaume wanne wanabeba, wakichoka wanapokea wengine wanne, na nyuma kilima kizima kinafuata. Asiyebeba mtu anabeba chakula. Asiyebeba chakula anaimba. Anayekataa kutoka, siku yake ikifika anaachwa na kitanda chake.

"Bodaboda anawahi," akasema. "Mimi mwenyewe nikivunjika nitafutie bodaboda. Lakini kule ukifika hospitali umeshajua nani anakupenda. Hapa unashuka kwenye pikipiki, unamjua dereva tu."

Nilikuwa nimelala na mguu wangu, yeye amekaa ananichemshia uji, na alikuwa anafanya hivyo tangu siku ya kwanza. Nilitaka kumwambia hata hapa najua. Badala yake niliuliza kwa nini uji una mabonge.

Ubishi ulikuwa chakula chetu. Tumebishana juu ya chumvi, juu ya padri mpya, juu ya dawa ya minyoo, juu ya nani aliyeanza kufuga kuku wa kizungu mtaani. Alikuwa akikosea hakubali, na mimi mnanijua. Wajukuu wakisikia sauti zetu walikuwa wanadhani tumegombana, kumbe tunapanga kwenda mnadani.

Alikuwa pia na ukaidi wa ajabu juu ya vitu vizuri. Umeme ulipofika kwake hakuutaka usiku wa kwanza. Alisema kule aliomba umeme miaka yote haukuja, sasa umekuja hapa ambako hakuomba, kwa hiyo ngoja akae nao gizani kidogo wazoeane. Lakini nyumba yake ilikuwa ya kwanza mtaani kuwekwa taa ya nje, tena aliielekeza kwenye njia, si kwenye mlango wake. Watu wanaotoka kwenye mazoezi ya kwaya wakawa wanapita pale. Ukimsifu anakasirika, anasema hiyo taa ni ya kufukuza viboko. Viboko gani Misunkumilo? Viboko wako kwetu Usevya, wanakula mpunga kama wameupanda wao.

Neno alilokuwa akipenda kuwaambia vijana wakimuuliza wapi ni pazuri ni hili: "Niulizeni siku gani, msiniulize nchi gani." Halafu anawahesabia. Siku ya mavuno, hapa. Siku ya harusi, kule. Siku ya njaa, hapa, kwa sababu msitu una uyoga na asali. Siku ya kilio, alikuwa anasema kule, kisha mumewe akafa hapa, akaacha kuitaja hiyo siku kabisa.

Basi simu ya kaka ikaja. Kwanza aliificha. Nilijua ana jambo kwa sababu siku nzima hakupima kitu. Nilimletea maparachichi akasema asante, basi. Siyo kule yana mafuta zaidi, siyo hapa yana nyuzi, asante tu. Nikamwambia toa kilichoko tumboni. Akanieleza habari ya nyumba: tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, tangi la maji ya mvua, ng'ombe mmoja wa maziwa nyuma. Akanieleza na habari ya mtoto wa kaka anayesubiri. Akaniuliza mimi naonaje.

Mimi mtu mzima simbembelezi. Nilimwambia nenda ukaonje. Msimu mmoja. Ukiona pamekufaa, binti yako wa Kasekese atakuja kufunga nyumba hii. Akasema, "Wewe utabaki unabishana na nani?" Nikamwambia nina wajukuu. Akasema wajukuu hawajui kubisha, wanajua kununa tu. Hilo lilikuwa kweli.

Aliondoka na basi la Kigoma, apitie mpaka wa Manyovu. Nilikwenda stendi nikiwa na shughuli zangu nyingine, na wala sikupunga mkono sana. Alinikumbatia, nikasimama kama kawaida yangu. Mvua zikaja, tukapanda. Mpunga wa Usevya ukabeba. Alipiga simu mara chache, na kila mara alisema kule kuzuri. Wajukuu wakawa wananiambia, Bibi, Bibi Jirani harudi yule, kapata nyumba ya saruji na ng'ombe. Nikawaambia hiyo ni haki yake. Nilikuwa nasema kweli. Maisha mazuri mtu akiyapata baada ya kutangatanga, mnataka ayaache ili iweje? Lakini chakula kilikuwa kinapikwa kwangu, na chumvi inazidi, na wote wanakula kimya, na mimi nakula kimya. Nyumba ikawa kubwa.

Mvua zilipokatika na mpunga umeshakobolewa, nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba mchana nachambua mchele. Nikasikia mtu anapiga hodi kwa mbele, kwa adabu, kama mtu wa sensa. Mjukuu wangu wa kike akaenda. Nikamsikia akisema shikamoo Bibi Jirani, karibu, karibu, na akapiga mbio kufuta kiti cha plastiki, akakiweka sebuleni, akatuma soda dukani.

Nikaingia. Alikuwa amenenepa kidogo, ngozi inang'aa, amevaa kitenge kipya. Amekaa kwenye kile kiti magoti yamebanana, soda mkononi hajaifungua. Nikampa mkono. Nikamuuliza habari za safari, akasema nzuri. Nikamuuliza nyumba, akasema nzuri. Nikajua amekuja kuaga na kufunga vitu vyake. Nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa tangu siku ya stendi, kwa hiyo nilimuuliza binti yake wa Kasekese anakuja lini kumsaidia kubeba.

Akaanza kama kawaida yake, lakini kwa sauti ya chini.

"Jirani, nisikudanganye. Kule ni kuzuri kuliko hapa. Nyumba haivuji. Maziwa asubuhi, maziwa jioni. Joto hakuna. Watoto wa kaka wana heshima, hakuna anayepita mbele yangu bila kuinama. Nimehesabu siku zote, na kule imeshinda."

Nikamwambia vizuri, ubarikiwe.

"Sikiliza kwanza. Nimefika, nimewekwa kwenye kiti. Kesho yake, kiti. Nikishika jembe, mke wa kaka ananipokonya, pumzika mama, wewe umetoka mbali. Nikitaka kukoroga ugali, hapana mama. Nikasema moja kwa moja chumvi imezidi, basi, wakamwaga, wakapika upya, na mwanamke wa watu akalia jikoni. Msimu mzima hakuna mtu aliyenibishia. Nilisema makusudi kwamba maharage ya Mpanda ni makubwa kama mayai. Wakasema ndiyo mama."

Akaiweka ile soda chini.

"Nilikuwa mgeni wa ndugu zangu, Jirani. Mgeni anayependwa sana. Nikajiuliza, nikizeeka hivi si nitakufa nimekaa kwenye kiti, safi, na hakuna aliyewahi kuniambia acha ujinga?"

Nikamuuliza nyumba je. Akasema amempa mtoto wa kaka, ameshaoa, walicheza hadi asubuhi na yeye alicheza, harusi bado kule imeshinda. Kaka yake alimuuliza wamemkosea nini. Akamwambia hawajakosea kitu, wamemtendea vizuri kupita kiasi, na kwamba kwao ni kwao, atakuja tena kuwasalimu kila atakapojaliwa. Lakini yeye ana mtu huku ambaye akimwambia uongo hamwitikii.

Nikamwambia maharage ya Mpanda hayajawahi kuwa makubwa kama mayai, aliwadanganya watu wazima bure.

"Ego," akasema, ndiyo yao hiyo, akaanza kucheka, magoti yakaachana, kiti kikalia chini yake.

Alinikumbatia. Sitaandika nilisimamaje. Mjukuu wangu alikuwa mlangoni ameona, muulizeni yeye.

Ndipo nikagundua macho yake yanapita pembeni yangu, yanatazama mlango wa nyuma, ule mchele ulioachwa nusu kwenye ungo. Anautazama kama mtu mwenye kiu. Na mjukuu wangu, mtoto mwenye malezi mazuri, akaja kumwongezea biskuti kwenye sahani, akamwambia Bibi Jirani kaa tu, usisumbuke, jisikie nyumbani.

Nikaichukua ile sahani. Nikawaita wote waliokuwa ndani, wakubwa kwa wadogo, wakasimama mbele yangu, na nikawaambia maneno haya, na nyie mnaosoma yawahusu pia mkiingia humu:

"Toka leo huyu mwanamke akifika kwangu, asiwekewe kiti, asinunuliwe soda. Mpeni ungo. Na akiacha chenga kwenye mchele, mwambieni."